Hela ya Sukari

Mimi ndiye niliyeipoteza nyumba. Naanza na hilo mapema kwa sababu najijua: nikisimulia mambo yangu huwa najipendelea, na nikifika katikati nitaanza kutafuta mtu wa kumbebesha. Mume wangu hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Angenitukana ningemjibu, tungegombana wiki nzima, yangeisha. Lakini yeye ananyamaza, anakunja mapazia yake, anakwenda kazini.

Mapazia ndiyo biashara yake. Anauza Isipingo, nje kidogo ya Durban, karibu na stendi ya teksi, ndizo daladala za huku. Mimi wakati ule nilikuwa napika mjini, katikati ya Durban: wali, maharage, chapati, na samaki siku ya Ijumaa. Nilikuwa nauzia wasusi na mafundi simu, Watanzania wenzangu na Wakongo. Tulikaa ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujafika. Chumba kimoja, familia mbili, katikati pazia. Pazia lenyewe lilikuwa zuri, siwezi kulisingizia, mume wangu alilichagua mwenyewe. Upande wa pili alikaa mama mmoja wa Bukavu, msusi, na wanawe watatu. Miaka sita sisi tulisikia vikohozi vyao, nao wakasikia ugomvi wetu.

Watu wa kwetu tuna ugonjwa wa kujenga. Mtu yuko radhi ale mkate mkavu mwaka mzima, ilimradi kuna mahali ana matofali yake. Hela ya kujenga Tanga tulishaituma, shemeji yangu akaipokea, na msingi hatujauona hadi leo. Huyo simtaji zaidi ya hapo, nitaharibu siku yangu. Kwa hiyo mume wangu akasema basi, tujenge hukuhuku tulipo, hata kama ni pembeni kabisa, mbele tukae wenyewe na nyuma tuweke vyumba vya kupangisha. Binti yetu alikuwa Tanga kwa dada yangu, anasoma. Nyumba ilikuwa ya kumleta. Hayo ndiyo yalikuwa matumaini yetu yote, na wala hayakuwa makubwa.

Gogo tulimpata kwa pazia. Gogo kwa Kizulu ni bibi, na huku kila mtu alimwita hivyo. Alikuja Isipingo siku ya pensheni kutafuta pazia la sebuleni, akabishana bei na mume wangu nusu saa, akashinda, halafu akasema hana mtu wa kumtundikia. Watoto wako Johannesburg, mume alishafariki. Mume wangu akafunga biashara yake mchana kweupe, akapanda naye teksi kwenda kumtundikia. Nilipomuuliza kwa nini amefunga siku ya pensheni, siku ambayo watu ndiyo wana hela, akaniambia, "Yule ni mama yangu kabisa, hata kelele zake ni za mama yangu." Alirudi na mchicha kwenye mfuko na habari ya kiwanja.

Kufika kwa Gogo unatoka Isipingo na teksi nyingine inayoelekea bara. Unapita viwanda, unapita miwa, kisha lami inaisha na teksi inaanza kupanda. Nyumba zimekaa juu ya vilima, kila boma na kipande chake cha ardhi, bomba la maji la kuchangia liko chini kwenye kona, na tumbili wanaingia dirishani kuiba mkate. Kwenye kona hiyohiyo kuna dada anayekaanga magwinya, hayo ni maandazi yao, ila hayana iliki na hayana haya kwa mafuta. Boma la Gogo lilikuwa juu, na chini yake ulikuwepo mteremko mtupu wenye majani tu. "Jengeni hapo," Gogo alisema. "Mimi nawaona nyinyi, nyinyi mnaniona mimi, na mwizi atatuona wote."

Ardhi ile si ya kununua dukani. Ni ya chifu, na mgawaji ni induna, mzee wa eneo. Tulikwenda kwake na Gogo. Mume wangu alibeba chupa ya brandi iliyofungwa magazeti matatu, maana ndivyo adabu ya kule inavyotaka, na njia nzima alikuwa anageuka nyuma akihofia kuonwa na mtu wa msikitini. Loo, nilicheka siku ile! Induna alipokea chupa, akatusikiliza, akasema maneno machache kwa upole. Mgeni haandikwi kwenye ardhi ya chifu. Lakini mama huyu akikubali, mtakaa chini yake, chini ya boma lake, yeye akiwa hapo. Gogo akasema amekubali, hawa ni wanawe. Tukapeana mikono. Kwa masikio yetu mambo yalikuwa yamekwisha.

Na kwa mkono tulimpa Gogo alichotaka: bati jipya la nyumba yake yote, na mume wangu akalipiga mwenyewe. Hatukuliita bei ya kiwanja. Gogo hakuliita chochote, aliimba tu jikoni mvua iliponyesha na sakafu ikabaki kavu.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza. Mume wangu alikuwa ameandika karatasi. Alimtafuta kijana wa Nairobi anayesoma chuo, wakaandika kwa Kiingereza kizuri, kwamba bibi huyu ametoa sehemu hii ya chini, nasi tumetoa bati, na mashahidi watie saini hapa na hapa. Akaniletea niione. Mimi nikapandwa na hasira.

"Weka karatasi lako huko," nikamwambia. "Mtu kakuita mwanangu mbele ya induna, wewe unamletea mambo ya polisi? Mama yako mzazi ungemtolesha saini?"

"Mke wangu, kwetu hata ndugu wa tumbo moja wanaandikishana mbele ya mjumbe."

"Kwetu ni kwetu. Hapa tumepata mzee wa watu, tusimtie aibu."

Alisimama na karatasi lake mkononi, akalikunja mara nne, akalitia mfuko wa koti. Mimi nikikaza sauti huwa habishani, na sijui mke wa namna hii anamsaidia nini mwanaume.

Mama wa Bukavu naye aliniuliza. Nilikwenda kumuaga mjini, akaacha kichwa cha mteja nusu yake kimesukwa, akaniangalia. "Mama, ile udongo, papier yake iko wapi?" Nikamwambia papier ya nini, tumepewa na mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Bila papier haiko yenu. Siye huku tunapita tu, mama. Tunapita." Nilimwona ni mtu wa kukata tamaa. Nilimsema hadi nyumbani, kwamba Wakongo wamezidi woga. Eish.

Tulijenga miaka minne. Lori la matofali haliwezi kushuka mteremko, kwa hiyo kila tofali lilishuka kichwani, na mengi yalishuka kichwani kwangu. Mume wangu alichimba kilima kwa sururu Jumapili kwa Jumapili hadi akapata uwanja wa kuweka msingi. Tulihamia kwenye chumba kimoja kisicho na plasta, tukapika nje, tukaendelea. Gogo alikaa juu kwenye kiti chake akitusimamia. "Makoti," alinifokea, ndivyo walivyozoea kumwita mke wa mtoto wao, "shingo yako hiyo itakatika, nani atakuja kunipikia?" Nikamjibu apikiwe na huyo mwanawe wa mapazia. Tulitaniana hivyo kila siku. Ilikuja sebule, kikaja chumba cha binti yetu, tukakipaka rangi ya kijani aliyoitaka kwa simu. Halafu nyuma tukapandisha vyumba vinne kwa mstari, mlango na dirisha, mlango na dirisha, na wapangaji wakaja kabla rangi haijakauka: vijana wa viwandani, na dada mmoja wa Malawi anayefanya kazi za ndani. Nilisimama nikavitazama vyumba vile nikalia. Nilijiona nimekuwa mtu.

Basi nije kwenye sukari.

Mimi nimelelewa na bibi. Kwetu Tanga, mtu akipata hela mwisho wa mwezi hapiti mlangoni kwa mzee mikono mitupu. Unampelekea hela ya sukari. Wala si sukari tu, ni jina la heshima. Unaweka kidogo kwenye bahasha ili usimwaibishe kwa kumhesabia mkononi, unaongeza kilo mbili za sukari na majani ya chai, unakaa naye kidogo, unaondoka. Bibi yangu alifariki mimi nikiwa safarini kuja huku, bahasha yake ya mwisho sikumpa. Kwa hiyo nilipompata Gogo, nikasema huyu sitamkosesha.

Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi asubuhi, nilipita vyumba vya nyuma nikakusanya kodi. Nikirudi ndani nilitoa sehemu nikaitia kwenye bahasha, nikachukua sukari na chai, nikajifunga khanga vizuri, nikapanda kwa Gogo. Kulikuwa na njia ya mkato nyuma ya choo, ya dakika moja. Sikuipita. Nilizunguka njia kubwa, nikapita kwenye bomba, nikapita kwa dada wa magwinya, bahasha mkononi, kwa sababu nilitaka waone. Wallahi nilitaka waone! Watu walikuwa wanasema wageni hawana shukrani, wanakula nchi ya watu na kufunga milango. Nilitaka kilima kizima kijue kwamba sisi tuna adabu, tunamtunza mzee wao kuliko wanavyomtunza wanawe.

Dada wa magwinya alikuwa ananiita kwa sauti kutoka kwenye karai lake, "Mwezi umeisha!" Nami namjibu, "Umeisha, dada!" Tunacheka. Gogo anapokea kwa mikono miwili, anaweka bahasha chini ya kitambaa cha meza bila kuifungua, anachemsha maji. Miezi yote hiyo sikukosa hata mmoja. Hata mwezi ambao mume wangu aliibiwa bidhaa zote stendi, tulikopa, nikapanda na bahasha.

Gogo naye alitulipa kwa namna yake. Kuna wakati watu walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuulizia wageni na karatasi zao. Siku walipofika kilimani kwetu, mchana, kundi zima na fimbo, Gogo alishuka na kiti chake, akakiweka kwenye geti letu akakaa, miguu kaifunika blanketi. Akawauliza wana shida gani na boma lake. Wakamuuliza ndani kuna nani. "Kuna watoto wangu," akasema, "na wewe nilimzalisha mama yako, nikumbushe nikueleze ulivyotoka." Wakaondoka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikasema Mungu ametupa mtu huyu awe ukuta wetu. Sikujiuliza ukuta ule ukianguka itakuwaje.

Binti mkubwa wa Gogo ni nesi Johannesburg. Alikuwa anakuja Krismasi. Krismasi moja alishuka akatembea kwenye vyumba vyetu vya nyuma, akagonga ukuta kwa vidole, akaniambia mama yake amepata bahati kubwa na anatushukuru. Nikaona ameona mbali. Nikadhani bahati ni sisi.

Gogo aliugua wakati wa baridi. Nilimwogesha, nilimpikia uji, nilikaa naye hospitali ya serikali kwenye benchi hadi kiuno kikafa ganzi. Alipofariki nilimfunga kidevu mimi, kabla manesi hawajaja. Nasema haya si kwa kujisifu. Nasema kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayeyasema.

Msibani nilipika. Masufuria makubwa matatu, na wanawake wa kilimani wakanikubali jikoni bila neno. Mume wangu alisimamisha hema na kubeba viti. Watu walijaa. Ikafika saa ya familia kushukuru, binti mkubwa akasimama, amevaa nyeusi, macho yamevimba. Alishukuru kanisa, alishukuru majirani. Halafu akatunyooshea mkono sisi tuliokuwa tumesimama nyuma, akasema kwa upendo kabisa, "Na tunawashukuru wapangaji wa mama, waliomlipa vizuri na wakamtunza hadi mwisho."

Watu wakapiga makofi. Mume wangu akaniangalia. Nilikuwa na mwiko mkononi, mchuzi unadondoka kwenye kiatu changu, na sikuweza kuuweka chini.

Nilingoja wiki moja ya heshima, kisha nikamfuata binti. Nikamweleza nyumba ni yetu, tumejenga kwa mikono yetu, mama yake alitupa ardhi. Hakunifokea. Laiti angenifokea. Alikunja uso, akasema anajua tulijenga, lakini mama alimwambia kuna watu chini wanajenga vyumba na kila mwisho wa mwezi wanaleta hela. Kwake yeye hayo ni makubaliano ya kawaida: mgeni anajenga kwenye ardhi ya mtu, anakusanya kodi, anampelekea mwenye ardhi. Wengi wanafanya hivyo. Akasema, "Kama mmepewa, twende kwa induna, aseme."

Tulikwenda Jumamosi. Viti vya plastiki uani kwa induna, familia ya Gogo upande huu, sisi wawili upande ule, majirani nyuma. Induna amezeeka, lakini kumbukumbu zake ni nzima. Alisema ukweli mtupu, sina cha kumlaumu. Alisema siku ile aliwaambia wageni hawa watakaa chini ya mama, mama akiwepo. Sasa mama hayupo. Akawauliza majirani wanajua nini.

Nilimwona dada wa magwinya anasimama nikashukuru, nikajua yule ni mtu wangu. Kweli alisimama kunitetea. Alipandisha sauti, akaweka mkono kiunoni. "Mwacheni dada huyu," alisema. "Mimi nakaa kwenye kona, namwona. Kila mwisho wa mwezi anakusanya kwa wale wa nyuma, anapita mbele yangu na bahasha, anapeleka kwa Gogo. Hakukosa hata mwezi mmoja, hata Krismasi. Mpangaji mwema namna hii mtampata wapi? Msimfukuze!"

Wengine wakaitikia kweli, kweli, na sisi tumeona. Mzee wa jirani akaona. Mama wa bombani akaona. Kilima kizima kilikuwa kimeona, kama nilivyotaka.

Nikasimama nikapiga kelele. Nilisema ile haikuwa kodi, ilikuwa hela ya sukari. Nilisema kwa Kizulu changu kibovu, nikasema kwa Kiingereza, mwishowe nikasema kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekielewa isipokuwa mume wangu, naye kainamisha kichwa. Binti wa Gogo akauliza, kwa upole wa watu wa hospitali, sukari gani inanunuliwa kwa bahasha kila mwezi kwa miaka yote hiyo. Kwao mtoto anayempa mama yake hela hatembei nayo mkononi akizungusha mtaa. Mpangaji ndiye anayefanya hivyo, ili awe na mashahidi.

Hapo ndipo mume wangu akatia mkono kwenye koti. Ni koti lilelile. Alitoa karatasi, limeanza kukatika kwenye mikunjo, akalikunjua polepole akampa induna. Mjukuu mmoja akalisoma kwa sauti, Kiingereza kizuri cha yule kijana wa Nairobi, bibi huyu ametoa, nasi tumetoa, na mashahidi watie saini hapa na hapa. Palikuwa na mistari. Juu ya mistari hapakuwa na kitu. Induna aliligeuza nyuma akatazama, nyuma nako ni peupe, akalirudisha kwa mikono miwili.

Hakuna aliyetufukuza, na hilo watu hunikumbusha wakidhani wananifariji. Binti wa Gogo alisema anarudi nyumbani kulea wanawe, wale wakubwa watakaa nyumba ya chini, na sisi tuchague chumba kimoja cha nyuma, kwa bei ya wapangaji wengine. Alitupa mwezi wa kuhamisha vitu kutoka mbele kwenda nyuma. Hatua ishirini na mbili, nimezitembea na godoro kichwani. Mume wangu alishusha mapazia ya sebule, halafu akasita, akayatundika tena. Yalikuwa yamekatwa kwa vipimo vya yale madirisha.

Mtu ataniuliza mwanasheria yuko wapi. Karatasi zetu wenyewe za kukaa nchi hii ziliisha muda, tunazungushwa na foleni tangu zamani, na mtu wa namna hiyo hajipeleki mahakamani kusema nyumba yangu, nyumba yangu. Na geti sasa halina mtu wa kuweka kiti.

Nilimpigia mama wa Bukavu. Nilijiandaa anisute, nilikuwa na haki ya kusutwa. Nikasikia mashine ya kukaushia nywele nyuma yake. "Pole, mama," akasema. "Iko vile." Akaniambia upande wetu wa pazia una watu wengine sasa, wa Burundi, watu wazuri. Hakukuwa na mahali pa kurudi hata pale.

Binti yetu hajui. Ananiuliza kwa simu rangi ya chumba chake imebanduka au bado. Namwambia bado, na huo si uongo, naiona kupitia dirishani nikienda bombani. Analala humo mjukuu wa Gogo, msichana mpole, amebandika picha zake ukutani. Siku hizi sipendi kupika. Nikiwaza kuanza upya nachoka kabla sijamaliza kuwaza. Mume wangu ana karatasi lile kwenye koti hadi leo, sijui analiweka la nini, na mimi sithubutu kumwambia alitupe.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nilitia hela kwenye bahasha, kiasi nilichoambiwa. Mkono ukaenda wenyewe ukachukua sukari kilo mbili na majani ya chai. Nilijifunga khanga. Nilifika hadi kwenye choo, nikaitazama ile njia ya mkato, lakini miguu ilikuwa imezoea njia kubwa. Nikapita bombani, nikapita kwa dada wa magwinya, alikuwa na wateja. Binti wa Gogo alinifungulia. Alipokea bahasha kwa mikono miwili, mama yake alimlea vizuri, kisha akaifungua palepale mlangoni akazihesabu. Zilikuwa kamili. Mfuko wa sukari akanirudishia.

"Hapana, dada," akasema. "Kodi peke yake inatosha."

Nikashuka na sukari yangu. Kwenye kona wateja walikuwa wameondoka. Dada wa magwinya alinyanyua uso kutoka kwenye karai, akaona natoka juu, akanichekea kwa moyo mmoja.

"Mwezi umeisha!" akaniita.

"Umeisha, dada," nikamjibu.